Mkebe wa Misumari Mlangoni

Makadara,
Jumamosi, alasiri

Nafula mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Huruma kumuaga shangazi yako Robai, kabla hujahamia Kapenguria kesho. Nimesikia lango likifungwa, kisha nimesikia viatu vyako mpaka kwenye kona ya kibanda cha mboga, halafu sikusikia tena. Nimechemsha maji ya chai. Nimetoa vikombe viwili, nikakaa nikivitazama, nikarudisha kimoja. Kuanzia kesho nitakuwa nikitoa kimoja, kwa hiyo si vibaya mkono uanze kujifunza leo.

Umesema utarudi kabla ya saa moja. Nina saa tatu hivi. Nimekaa na maneno haya miaka minne, na bado naona kama muda hautatosha.

Sitakuandikia habari za kufunga mlango, kula kwa wakati na kuchagua marafiki. Hayo mama yako alikufundisha, na mengine wewe ndiye uliyemfundisha yeye. Nataka kukuandikia juu ya gari. Najua utacheka, kwa sababu miaka mitatu hii umeniona nikitoka kila Jumamosi kwenda kwa fundi Njoroge na kurudi na oili kwenye kucha. Siku moja uliniuliza, "Baba, mtu wa pensheni anasomea ufundi ili aandikwe na nani?" Nikakujibu kwamba nafukuza upweke. Lilikuwa jibu la kweli, ila lilikuwa nusu. Leo nitakupa nusu iliyobaki.

Unalikumbuka gari letu. Ulikuwa darasa la nne lilipokuja, la samawati, la mkono wa pili, limefika na matairi yake yenye meno marefu. Nilikuwa mtu wa kwanza katika safu yetu ya nyumba kuwa na gari, mimi msoma mita za maji wa kanjo la jiji, mtu ambaye watu wa Kaloleni, Maringo na Jericho walimzoea akitembea kwa miguu na daftari kwapani. Nililinunulia turubai kabla sijajua kulirudisha nyuma vizuri. Kazini niliendelea kwenda kwa miguu. Gari lilikuwa la Desemba, la kwenda nyumbani Kimilili, na la harusi mojamoja, na la mazishi ya watu wa karibu sana. Siku nyingine zote lilikaa pale nje chini ya turubai. Kila Jumamosi asubuhi nililifunua, nikaliosha, nikalikausha kwa vipande vya fulana zangu kuukuu, nikayapaka matairi ile dawa ya kung'arisha mpaka yakawa kama viatu vya askari wa gwaride, kisha nikalifunika tena.

Mama yako aliliita Bwana Harusi.

"Bwana Harusi ameoga?" alikuwa akiuliza kutoka jikoni.

"Ameoga."

"Amekula?"

Hapo nilichukua ndoo nikaondoka, maana boneti sikuwa nikiifungua. Sikujua hata kile kijiti cha kupimia oili kiko upande gani. Niliamini kwamba kitu kinachooshwa, kinachofunikwa na kisichotumika hakiwezi kuharibika. Ndivyo tulivyolelewa. Sahani za wageni, suti ya Krismasi, kitambaa cha kochi kilichofumwa kwa mkono: kitu cha thamani kilitunzwa kwa kutoguswa.

Njoroge alikuwa akipita hapa akienda gereji yake kule karibu na Jogoo Road, na alikuwa hawezi kupita bila kunichokoza.

"Baba Nafula, hii gari yako ni kama sahani za wageni. Inapanguswa kila wiki na watu wa nyumba wanakula kwa plastiki."

"Wewe una wivu, Njoroge."

"Wivu gani? Fungua boneti siku moja tu, tuone kama Wajapani walikumbuka kuweka injini."

Majirani walicheka, nami nilicheka. Nilifurahi kuchekwa kwa sababu ya gari. Mtu asiye na gari hachekwi hivyo.

Mwaka ulipokuwa darasa la saba, paka wa jirani alizaa chini ya turubai, nyuma ya gurudumu la kushoto. Mama yako akanikataza kulisogeza gari. Likakaa pale pale, uzito uleule juu ya matairi yaleyale, mpaka paka wadogo wakajua kukimbia. Wewe uliwapa majina ya walimu wako. Yule wa hesabu alipenda kulala ndani ya rimu, na Desemba ilipofika mama yako alichuchumaa akatazama magurudumu yote manne kwa tochi kabla hajaniruhusu kuwasha. Nakumbuka nilikasirika kwa kucheleweshwa. Sasa nafikiri alikuwa mtu pekee katika nyumba yetu aliyewahi kutazama magurudumu yale kwa kutafuta kitu.

Unajua jinsi Desemba zetu zilivyokuwa. Tulipakia unga, sabuni, mablanketi ya bibi yako, redio ya mjomba, na buti ikashuka mpaka karibu na ardhi. Kisha watu wa jumuiya yetu ya kanisa walikuja kutuombea safari. Walilizunguka gari, wakaweka mikono juu ya boneti, na mwenyekiti akaomba kwa sauti. Boneti ilikuwa inang'aa kiasi cha kuona nyuso zao ndani yake. Miaka yote ile mikono mingi ya watu wema ilikaa juu ya boneti ile, na hakuna mkono hata mmoja ulioiinua. Wa kwanza kutoinua ulikuwa wangu.

Unaliona hili kovu langu la kifundo cha mkono? Nilikuambia ni chai. Haikuwa chai. Mwaka mmoja wewe ulikuwa umetangulia kwa bibi yako, na gari likachemka tukipanda kutoka bondeni. Rejeta nilikuwa nimeijaza maji ya bomba siku ya kulinunua na sikuitazama tena. Mvuke ulipoanza kutoka nikafungua kifuniko papo hapo, kwa haraka ya mwanamume anayetazamwa na magari yanayopita. Maji yaliruka yakanimwagikia. Mama yako alinifunga mkono kwa leso yake, na tukakaa kando ya barabara muda mrefu tukingoja injini ipoe. "Tutamwambia Nafula ni chai," nikasema. Akanitazama. "Mwambie wewe," akasema. "Mimi sitasema ni chai, lakini sitakukatiza." Nilikuambia ni chai, naye hakunikatiza.

Naandika hilo dogo kwanza kwa sababu lile kubwa nalikaribia polepole. Usinichoke.

Novemba ile ya mwisho, mama yako alikuwa akianika nguo. Kibanio kikaanguka karibu na gurudumu la nyuma la kushoto. Alipoinama kukiokota, akabaki pale chini.

"Baba Nafula, njoo uone. Miguu ya Bwana Harusi imepasuka kama visigino vyangu wakati wa kiangazi."

Nikaenda nikaona. Ubavuni mwa tairi kulikuwa na nyufa nyembamba, nyingi, kama matope yaliyokauka. Meno yalikuwa bado marefu.

"Tutaipaka mafuta," nikamwambia.

Akacheka. Nami nikaleta kopo la dawa ya kung'arisha, nikapaka mara mbili, na nyufa zikapotea. Mwanangu, zilipotea kabisa. Nilisimama nikalitazama tairi lile nikaridhika.

Wiki hiyohiyo Njoroge alipita. Nikamwambia tunasafiri. Akazunguka gari bila kunichokoza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Hizi tairi ni zile ilikuja nazo?"

"Ndizo. Tazama meno hayo. Hata askari wa barabarani huzisifu."

"Meno naona. Miaka je? Tairi huzeeka hata ikilala, mzee. Kama sisi tu."

"Gari lenyewe haliendi popote, Njoroge. Litazeekea wapi?"

Akainua mabega. "Pitia gereji kabla ya safari. Hata kama ni dakika tano."

Sikupita. Kesho yake niliosha gari.

Wewe ulikuwa na mitihani ya mwisho ya maabara chuoni, ulitakiwa utufuate kwa basi baada ya siku nne. Tukaenda wawili. Kutoka Nakuru, mama yako alianza kutega sikio.

"Gari linanong'ona," akasema.

"Ni barabara."

"Barabara imebadilika mara tatu na mnong'ono ni uleule."

Nilisikia. Usukani pia ulikuwa ukitetemeka kidogo mikononi mwangu, mtetemeko mdogo kama wa simu iliyo mfukoni. Lakini mjomba wako Wafula alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza tumefika wapi, mbuzi alikuwa ameshachinjwa, na mimi nilitaka kuingia Kimilili jua likiwa bado lipo, ili watu waone gari. Nataka uisome sentensi hiyo jinsi ilivyo. Nilitaka watu waone gari.

Baada ya Timboroa mama yako alichukua chupa ya chai.

"Simama kidogo nimimine."

"Tukifika Burnt Forest," nikasema. "Si mbali."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia. Tairi la nyuma la kushoto lilipasuka, gari likavuta, nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, jambo ambalo sasa najua hutakiwi kulifanya. Unatakiwa ushike usukani kwa mikono miwili, uondoe mguu, gari lipunguze mwendo lenyewe. Tukaingia mtaroni kwa upande wa mama yako. Mimi nilivunjika mguu. Chupa ya chai haikuvunjika.

Hapo ndipo hadithi unayoijua na ile ninayoijua mimi zinaachana.

Hospitalini mjomba wako alisimama kando ya kitanda changu, akalia, kisha akasema, "Itakuwa ni msumari. Barabara hizi zimejaa misumari." Niliitikia kwa kichwa. Ni hilo tu nililofanya, Nafula. Niliitikia kwa sababu nilikuwa na maumivu na kwa sababu alikuwa akinionea huruma. Kesho yake Wafula akamwambia shangazi yako kwamba ni msumari, shangazi akakuambia wewe. Siku ya mazishi maneno hayo yakasomwa mbele ya watu wote, kwamba gurudumu lilitobolewa na msumari, na mchungaji akasema hakuna ajuaye siku wala saa. Nilikuwa nimekaa pale mbele na magongo yangu, na wewe ulikuwa umenishika mkono.

Hakukuwa na msumari.

Nilipoweza kutembea nilienda peke yangu kwenye uwanja wa polisi walikolivuta gari, kuchukua vitu vya mama yako. Ndipo nikaliona tairi. Ngozi yake ya juu ilikuwa imebanduka yote kama ganda la ndizi. Nikatafuta msumari, maana na mimi nilikuwa nimeanza kuuamini. Nililipapasa lote kwa vidole. Kisha nikaona ubavuni, chini ya matope, maandishi yaliyochongwa, na mkono wangu ukafanya kazi yake ya miaka thelathini. Nikafuta matope kwa kidole gumba, kama nilivyofuta vioo vya mita elfu na elfu, nikasoma.

Kila tairi lina tarakimu nne ndani ya kiduara kidogo kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Njoroge alinieleza hivyo baadaye, lakini siku ile nilielewa mwenyewe, maana mtu aliyeishi kwa kusoma namba haambiwi. Tairi lile lilikuwa na miaka kumi na minne. Kwa miaka kumi na miwili nimelipaka dawa kila Jumamosi kwa mikono yangu, kidole changu kikipita juu ya tarakimu zile, na sikuzisoma. Nilikuwa nikiinua vifuniko vya mita za watu mtaa mzima. Kwangu sikuinua.

Kopo la dawa lilikuwa bado ndani ya buti. Halikuwa limemwagika hata tone.

Nilirudi nikiwa nimeazimia kukuambia. Wiki ileile wewe uliingia kutoka stendi na msumari uliopinda, umeukamata kwa vidole viwili kama mdudu. "Huu hautamtoboa mtu," ukasema. Ukatafuta mkebe mtupu wa maziwa ya unga, ukautia ndani, ukauweka mlangoni. Nikajiambia nitasema kesho.

Tangu siku hiyo hujawahi kupita msumari njiani. Nimekuona ukiinama mbele ya watu, ukiwa na nguo za kanisani, ukiokota. Watu wa mtaa wanadhani una mazoea ya ajabu, na wengine wanakusaidia. Yule mwenye kibanda cha mboga huwa anakuwekea. Mkebe umejaa. Kila ukiingia jioni nasikia sauti ile, kle, msumari juu ya misumari. Miaka minne umekuwa ukikusanya adui yako ukimweka mlangoni, na kumbe adui amekaa kwenye kochi akisubiri umwulize kama amekula.

Sijui kama nitaweza kukueleza upweke huo. Upweke wa kumkosa mama yako naujua umbo lake, nalala nao, nimeuzoea. Huu mwingine ni wa kupendwa na mtu kwa habari isiyo ya kweli. Unaniletea chai, nami nafikiri, anamletea chai yule mzee wa msumari. Mimi hata hanijui.

Nilipokwenda kwa Njoroge mara ya kwanza baada ya mazishi, nilisimama mlangoni pa gereji nikiwa sijui nianzie wapi. Alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo ilionekana. Akatoka, akaniona, akajifuta mikono. Nilingoja aseme kwamba alinionya. Alinivutia kigoda.

"Kaa, mzee," akasema. "Leo tunabadilisha oili. Ukitaka kuona, sogea."

Nilisogea. Nimekuwa nikisogea kila Jumamosi. Hajawahi kulitaja. Yeye na mimi tu ndio tunaojua, na sasa wewe.

Pale ndipo nilipojifunza jinsi kijiti cha oili kinavyotolewa asubuhi, gari likiwa limepoa na limesimama mahali tambarare. Kinafutwa kwa kitambaa, kinarudishwa, kinatolewa tena, ndipo kinasema kweli. Mara ya kwanza husema uongo. Nilijifunza kwamba rejeta inataka dawa yake na si maji ya bomba, na kwamba haifunguliwi ikiwa moto hata kama dunia nzima inakutazama. Siku moja gari la mama mmoja mwalimu lilikuja mafuta ya breki yameshuka. Nikachukua chupa niongeze. Njoroge akanishika mkono. "Usiongeze tu ukafurahi, mzee. Uliza yameenda wapi." Tukafungua magurudumu, pedi za breki zilikuwa zimekwisha, zimebaki nyembamba kama kadi ya simu. Kama tungeongeza, alama ingerudi juu, na yule mama angeenda zake akidhani amepona.

Mengine yote ameyaandika Njoroge kwa mkono wake mbaya kwenye karatasi iliyo kwenye kile kisanduku cha mbele ya kiti cha abiria ndani ya gari lako: lini ubadilishe oili, lini kichujio cha hewa, jinsi ya kusafisha ule unga mweupe juu ya vichwa vya betri. Sitayarudia. Amekosea tahajia nyingi, usimcheke.

Jumamosi iliyopita ulipokuwa dukani nilichuchumaa kwenye hicho kigari chako cheupe utakachosafiria, gurudumu baada ya gurudumu, nikafuta kwa kidole gumba, nikasoma. Manne ni vijana. Lile la spea lilikuwa mzee, mzee kabisa, limelala ndani ya buti miaka yote bila kutazamwa, na meno yake yote yapo. Tumeliondoa mimi na Njoroge, na sasa una jingine. Nakuomba usome tarakimu hizo mwenyewe. Usiniamini mimi wala Njoroge. Na upepo upime kabla gari halijatembea, matairi yakiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye ukingo wa mlango wa dereva. Ukiwa umepakia godoro na mtungi wa gesi kama nilivyoona unapanga, kuna kipimo cha pili hapo chini yake, cha gari lenye mzigo. Sisi hatukuwahi kujua kwamba kuna cha pili.

Na likinong'ona, simama. Kama kuna mtu anakusubiri, mwache asubiri. Kama mbuzi amechinjwa, atapoa. Chai inywewe hapo hapo.

Utapita Timboroa. Sikuombi usimame. Mimi nimepita mara mbili kwa basi na mara zote mbili nilifumba macho, kwa hiyo sina la kukufundisha kuhusu pale.

Jana nilikutana na Mama Wanjiku, mwenyekiti wa jumuiya. Watakuja kesho asubuhi kukuombea safari kama kawaida. Nikamwomba aombe boneti ikiwa wazi.

"Baba Nafula," akasema, "Mungu si anaona hata ikiwa imefungwa?"

"Mungu anaona, mama. Sisi ndio hatuoni."

Akanitazama sana, kisha akasema sawa, ila atawaambia akina mama wasivae nguo nyeupe.

Jambo jingine. Utashangaa kulikuta gari lako na vumbi. Unajua sijawahi kuacha gari litoke nyumbani kwangu bila kuoshwa, na majirani watasema mzee amechoka, amemwachia binti aende na gari chafu. Nimeliacha hivyo kwa kusudi. Nilishika ndoo asubuhi, nikaiweka chini. Penye vumbi nimeweza kuona mambo mawili ambayo maji yangeyaondoa: doa la oili mbichi karibu na gurudumu la mbele la kulia, ambapo Njoroge amekuja kukaza palipokuwa pakivuja, na alama ya kiganja chako juu ya mlango. Kiganja sijakigusa.

Sasa nimefika mwisho, na chai imepoa. Nilifikiri kuiweka barua hii kwenye kile kisanduku cha gari pamoja na karatasi ya Njoroge, uikute ukiwa Nakuru au Kapenguria, mbali na uso wangu. Ingekuwa rahisi. Ndiyo maana nimekataa. Nitaiweka chini ya mkebe wako wa misumari. Ukirudi kutoka kwa shangazi yako hutakosa kuwa na msumari mkononi, na ukiinama kuutia utaiona. Utaisoma ukiwa bado chini ya paa langu, ukiwa na nafasi ya kuniuliza chochote, au kutoniuliza.

Sitaki uniambie kwamba si kitu. Ni kitu. Wala sitaki unisamehe kwa haraka kwa sababu una safari, kama mtu anayefunga mizigo. Nilitaka tu uache kuilaumu misumari. Haikufanya lolote. Nitauchukua mkebe kwa yule seremala wa kona, aipashe moto, ainyooshe, atengenezee watu viti.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi, kabla watu wa jumuiya hawajafika, nitakuwa pale nje, nimechuchumaa kwenye gurudumu la nyuma la kushoto, na kipimo cha upepo mkononi. Ukitaka, njoo. Nitafungua kifuniko cha vali, nawe utasoma namba. Ukiona huwezi kusimama karibu nami, kaa ndani mpaka nimalize. Nitapima yote manne na la spea, nitaandika namba kwenye kikaratasi, nitakibana chini ya waipa, kisha nitaondoka njiani ili upate kugeuza gari.

Namba zitakuwa za kweli.

Baba yako